Jekundu au Jeupe

Mkunga na kaka yake mwalimu walikwenda kwa dalali kutazama magari mawili madogo, yote ya zamani, kila moja la kampuni yake. Walimchukua na mama yao, kwa kuwa gari lilitafutwa ili kumpeleka kliniki.

Kaka alilipenda jekundu hata kabla ya kuligusa: viti laini, injini haisikiki, vioo vya kubonyeza. Jeupe lilikuwa la milango minne, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na lilinguruma kama mashine ya kusaga.

"Hili linakohoa kunishinda," mama alisema, wakacheka.

Wakajaribu jekundu kwanza. Lilikuwa na milango miwili tu, kwa hiyo walikunja kiti cha mbele na kumsaidia mama kupenya nyuma, huku akilalamikia magoti. Kaka akashika usukani, mkunga akaketi kando yake, dalali akabaki uwanjani kwake.

Hawakufika mbali. Harufu ya nyaya zinazoungua iliwafikia, kisha moshi ukatoka chini ya usukani. Kaka alisimamisha gari pembeni, akabonyeza kitufe cha kioo. Kioo hakikushuka. Yeye na mkunga wakaruka nje. Mkunga akavuta kiti chake kukikunja. Kikagoma.

Moshi ulikuwa umeshamficha mama. Kilisikika kikohozi tu.

Mkunga alizoea kuzalisha kwa mwanga wa tochi bila kutetereka; sasa hakujua ashike wapi. Alivuta kiti, akakipiga teke, akavuta tena. Kikohozi kikakatika.

"Mama!"

"Njoo huku," kaka aliita. "Changu kimekunjika."

Mkunga alizunguka mbio, akajitosa ndani hadi kiunoni, akapapasa. Akapata bega.

"Magoti, mwanangu," mama alinong'ona.

"Achana nayo. Niegemee mimi."

Akamshika kwapani, akamtoa kichwa kwanza.

Kaka alichomoa waya wa betri, moshi ukaisha bila moto kuwaka. Dalali akafika akihema. "Ni kawaya tu hako," alisema. Mkunga alikuwa ameinama kwenye mtaro, anatapika.

Siku ya tatu walinunua jeupe jingine kama lile, la milango minne, kwa dalali mwingine, baada ya fundi kulipekua lote.

Lakini hofu haikuondoka. Wiki nzima, kila mara mama alipojilaza mchana, mkunga alinyata hadi mlangoni kusikiliza pumzi zake. Siku moja mama akafumbua macho.

"Nipo," alisema. "Nenda ukale."