Siku Tuliyobadilishana Manesi

Zahanati yetu ina nesi mmoja tu aliyesomea kupima saratani ya mlango wa kizazi, na nesi huyo amemwoa binti wa shangazi yangu. Shughuli ilianzia hapo.

Shangazi alikuwa akitokwa na matone ya damu tangu mwezi uliopita. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu mimi sisemi. Nafagia zahanati, nachemsha vifaa, basi.

"Nenda ukapimwe, shangazi."

"Nimvulie nguo mkwe wangu? Bora nife na heshima yangu!"

"Na hospitali kubwa je?"

"Siku mbili njiani! Mbuzi nimwachie nani? Wewe? Wewe hata mbuzi unamwonea haya."

Nilicheka, ila moyo haukucheka.

Jumatatu nesi alikuwa anakunja mashuka, analalamika. "Nimewaita wanawake arobaini, wamekuja watatu. Na mwenzangu wa ng'ambo ya mto yuko vivyo hivyo. Yeye ni mwanamke, lakini kule wote mawifi zake. Wanaogopa atawasema."

Nilikuwa nimeinama na ufagio. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Si mbadilishane?"

"Umesema nini?"

Nikaendelea kuuambia ufagio. "Alhamisi yeye aje huku, wewe uende kule. Huku hana wifi. Kule huna mkwe."

Alinitazama kama mtu aliyesikia jiwe likipiga chafya.

Alhamisi nesi mgeni alishuka kwenye pikipiki. Shangazi alifika wa kwanza, akamfunga mbuzi wake mlangoni, kajifunika khanga hadi machoni kama anakwenda kuiba kuku. Nikashika taa, nesi akapaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, maana siki hugeuza penye ubaya peupe, akatazama.

"Kuna doa jeupe, dogo. Bado si saratani, mama, ila tukiliacha laweza kuwa. Naligandisha kwa baridi kali sasa hivi."

"Leo leo?"

"Leo leo. Mwakani nitakuja kukutazama tena."

"Sawa, lakini usije ukaolewa huku ukawa wifi yangu!"

Nesi alicheka mpaka akaweka chini kifaa.

Kazi ilipokwisha, shangazi alitoka nje, khanga iko begani. "Nyie mliojificha nyuma ya choo, njooni! Huyu hana ndugu hapa!"

Wakaja. Benchi likajaa, wengine wakakaa chini, na daftari la majina nikapewa mimi. Nikaita la kwanza kwa kunong'ona.

"Sauti!" shangazi akafoka.

Nikapaza. Hata mbuzi wake aligeuka.