Nyuma ya Mirren Telfer

Jumatatu moja ya Machi, mchunga kondoo Dand Hislop alikuja kwa Mirren Telfer kuomba kaa la moto, maana jiko lake lilikuwa limezimika. Upepo ulikuwa unanyofoa nyasi za mapaa na kuwaangusha kuku. Mirren, mjane wa miaka sabini na kitu, alijifunga mtandio akatangulia, na Dand akafuata nyuma yake na kaa kwenye koleo. Njia nzima majivu juu ya lile kaa hayakutikisika. Walipofika, Mirren machozi ya baridi yalikuwa yakimtoka, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na wa kumkinga.

Sisi wa vilima hivi vya mpakani, kusini mwa Uskoti, tuna neno la kale, bield. Waliolitumia mwanzo walimaanisha ujasiri. Wajukuu wao wakamaanisha msaada, kisha mtu wa kumkimbilia mambo yakikuchachia. Kufikia wakati wa Mirren lilibaki jina la ukuta wa mawe wa kuwakinga kondoo na theluji, na ukimwambia kijana kwamba zamani lilikuwa ujasiri, anadhani umelewa. Lakini bibi yake Mirren alikuwa mtu wa zamani. Alimpokea Mirren akiwa bado na damu ya kuzaliwa, akamtazama, akasema, "Huyu ni bield," akimaanisha yote kwa pamoja. Tangu hapo upepo haukuwahi kupita aliposimama. Kasisi alipoarifiwa alisema hilo halimzuii kubatizwa.

Msimamizi wa mwenye ardhi, Bwana Scoular, aliona kwamba kondoo waliolala karibu na nyumba ya Mirren hawafi kwa theluji. Akakata shauri kwamba nyumba ile imejengwa penye kinga kuliko pote bondeni, na kwamba ni hasara kumwachia bibi kizee mmoja. Itafaa kuwa zizi.

Dand alimwambia, "Si nyumba, Bwana. Ni yeye."

"Kuta nimeziona nyingi, Dand," akasema Scoular. "Sijaona hata moja inayokunywa uji."

Asiyejua maana haambiwi maana. Dand alikuwa na watoto watano na nyumba ya mwenye ardhi huyohuyo, basi akarudi kwa kondoo.

Kwetu siku ya wapangaji kuhama huwa Pentekoste. Tarishi wa mahakama alikuja na hati ya kumtoa Mirren, pamoja na fimbo nyeupe ya kuvunjwa mlangoni kama desturi inavyotaka. Upepo ukawa unampiga usoni kwa hati yake mwenyewe, asiweze kusoma hata mstari mmoja. Mirren, aliyekwisha kutoa kitanda na chungu, alisogea akasimama mbele yake, upande upepo ulikotoka, akamngoja. Tarishi akasoma hadi mwisho kwa utulivu, akavunja fimbo, akasema ahsante, mama. Kisha Mirren akaingia akauzima kwa maji ule moto ambao mama yake na bibi yake hawakuwahi kuuacha uzimike. Alilia, nasi tuliosimama pale tulilia. Hakuna aliyemgusa tarishi.

Akahamia kibanda cha udongo ng'ambo ya kijito.

Majira ya baridi yalipofika, upepo uliingia kwenye ile nyumba, sasa zizi, kwa mlango ukatokea kwenye bomba la moshi, na theluji ikajaa hadi kwenye dari. Kondoo wakausukuma mlango wakatoka. Walivuka kijito wakiongozana, wakaenda hadi kwa Mirren. Alikuwa kitandani chini ya blanketi. Angeweza kubaki pale, na nani angemlaumu? Alivaa viatu vya marehemu mumewe, akatoka, akaelekeza uso wake kwenye dhoruba. Kundi lote likatulia nyuma yake, na wengine wakaanza kucheua.

Scoular na Dand walifuata nyayo. Ili asikike, msimamizi alilazimika kuja kusimama mgongoni kwa Mirren, katikati ya kondoo.

"Unaweza kurudi," akamwambia.

"Nyumbani kwangu?"

"Nyumba ni ya kondoo sasa. Utasimama nje, upande wa magharibi. Nitakuwa nakuletea unga."

Dand alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Hapana," akasema Mirren bila kugeuka. "Kule nitakuwa ukuta wako, Bwana Scoular. Hapa nimetoka mwenyewe."

Scoular alisema huo ni ukaidi. Sisi tunajua wazee wetu wangeuitaje. Lakini Scoular hakuondoka, kwa kuwa hatua chache kutoka pale mtu asingeuona mkono wake mwenyewe, na angekufa. Alikaa nyuma ya mgongo ule alasiri nzima, akavuta kiko, na kiberiti chake kiliwaka mara ya kwanza alipokiwasha. Mirren hakusogea hata kidogo. Angehama yeye, wangekufa watu wawili na kundi zima, na mmoja wa hao wawili alikuwa Scoular, na bado hakusogea.

Dhoruba ilipopita, nyusi za Mirren zilikuwa barafu tupu. Scoular alikung'uta kofia, akamshukuru kwa adabu, akamwambia Dand awarudishe kondoo. Dand akawavusha kijito, akawaingiza kwa mlango uliokuwa wa Mirren, akaufunga kwa nje.