Hewa ya Siku ya Tatu

Wiki ile mjukuu wangu Everline alikuwa anakula akiwa amesimama. Anaweka sahani juu ya friji, anachota mara mbili, anaiacha hapo. Sikumwuliza. Mtu anayekula amesimama ana neno limemkaa kooni, na neno la namna hiyo ukilivuta kwa nguvu linarudi ndani. Nikawa nafunika chakula chake, nangoja.

Tunaishi wawili, Sharpstown, ghorofa ya pili, hapa Houston. Marekani nilifika mwaka 2017 kwa binti yangu Lydiah, nesi huko Dallas. Mwaka uliofuata Everline, mwanawe, akapata kazi Houston, na Lydiah akaniambia nenda ukae naye, la sivyo huyo ataishi kwa mkate na soda. Kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Ni kampuni inayopanga safari za watu watakaoshuka mwezini. Everline hajengi chombo chochote. Yeye ni wa hesabu tu: watoke lini, wapite wapi, wakutane na nani huko juu, na wakichelewa itakuwaje.

Aliyemshika mkono akaingia pale ni Mzee Patroba, mtu wa kwetu Butere, mzee wa kanisa letu. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini, na ndiye mkubwa wa Everline. Siku tuliyopata habari kwamba ameajiriwa nilimpigia Patroba nikamshukuru mpaka nikakosa maneno.

Jumamosi ile, mwanzoni mwa mwezi huu wa tisa, mwaka 2019, nilikuwa mezani nachambua maharagwe. Everline akaja akakaa mbele yangu. Alikaa kabisa, miguu chini ya meza. Nikajua limefika.

"Kukhu," akaniambia, ndivyo tunavyoita bibi kwetu, "wewe ulinifundisha mtu mzima haambiwi amekosea."

"Nilikufundisha."

"Basi kuna watu wawili wanaweza kufa kwa hilo."

Kwanza alisita, akasema mambo ya kazini hayazungumzwi nyumbani. Mimi nikamwambia na nani atayabeba, haya maharagwe? Akacheka kidogo, akavuta sahani yangu. Sahani ni mwezi, akasema. Akachukua kifuniko cha soda: hii ni meli kubwa, haishuki, inazunguka tu. Lakini haizunguki karibu karibu kama nzi. Inapita jirani na mwezi mara moja, halafu inakwenda mbali, mbali, na kurudi ni baada ya siku sita na nusu. Akaweka maharagwe mawili katikati ya sahani. Hao ni watu walioshuka kwa chombo kidogo. Mambo yakienda sawa, wanangoja mpaka meli irudi, wanapaa, wanakutana nayo, wanakuja nyumbani.

Na mambo yasipokwenda sawa? Hapo ndipo kazi yake ilipo. Mmoja akiumia siku ya tatu, meli iko mbali kabisa, lazima waifuate huko huko, na safari hiyo huchukua siku kadhaa. Njiani wanapumua hewa ya tangi la akiba. Mzee Patroba alikuwa ametengeneza jedwali: ukiondoka siku ya kwanza hewa inatosha, siku ya pili inatosha, hivyo hivyo mpaka mwisho. Everline alipolipitia akaona kwamba Mzee alianza kuihesabu hewa pale chombo kinapoacha ardhi. Kumbe tangi linaanza kuliwa mapema zaidi, pale wanapofunga mlango, na baada ya kufunga mlango wanakaa masaa sita wakijiandaa na kungoja njia ikae sawa. Siku nyingine masaa hayo hayadhuru kitu. Siku ya tatu yanadhuru. Hewa inaisha masaa mawili kabla hawajaifikia meli.

Nikayaangalia maharagwe yale mawili. Nikauliza kama wenzake hawakuona. Akasema wenzake walitia sahihi zamani. Jedwali la Patroba, nani atalikagua? Na Alhamisi inayokuja kulikuwa na kikao kikubwa. Likishapita hapo, namba zile zinakwenda kwa watu wa kutengeneza matangi, na namba ikishakuwa chuma hairudi kirahisi.

"Wewe ulimwambia nini?" nikamwuliza.

"Nilimwambia, Mzee, jedwali lako limenifunza mengi, lakini safu ya siku ya tatu mimi sijaielewa vizuri. Ukipata nafasi unielekeze."

Mungu wangu. Maneno hayo ni yangu. Ndivyo nilivyomlea, na ndivyo mama yangu alivyonilea mimi. Mkubwa akikosea, unamwambia wewe ndiye hukuelewa. Atarudi kuangalia ili akuelekeze, ataliona kosa lake mwenyewe, atalirekebisha kimya kimya, na heshima yake inabaki nzima. Kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua kuongea hivyo, na mkubwa anajua kusikia hivyo.

"Akasemaje?"

"Akanipigapiga begani. Akasema usijali binti yangu, utaelewa na wakati. Akanitumia kitabu."

Miaka thelathini hapa, masikio ya Patroba yalikuwa yamezoea huku. Huku mtu akisema hajaelewa, basi hajaelewa. Everline alirudia tena kwa maandishi, kwa adabu ile ile, na ofisini wakaandika kwamba swali lilijibiwa, limefungwa.

Sikumwambia nitafanya nini. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalisema wazi. Nilifikiri kama tunavyofikiri nyumbani: neno zito la mdogo kwa mkubwa hupelekwa na mkubwa mwenzake. Nina miaka sabini na minne, Patroba ana sitini na moja. Nikaona njia iko wazi.

Kesho yake, ibada ilipoisha, nilimwambia Everline nakwenda kumjulia hali Loice, mke wa Patroba, aliyekuwa na goti bovu. Hilo goti lilikuwa kweli. Nikapanda gari lao mpaka Pearland. Nyumba yao nzuri, majani yamekatwa kama zulia. Tukala wali na kuku, Patroba akanipa kiti chake.

Nilianza kwa mbali. Nikamkumbusha habari za miwa kule kwetu, jinsi marehemu mume wangu alivyokata shamba zima akijua trekta la kiwanda linakuja Jumatatu, trekta likaja Ijumaa, miwa imekauka. Nikasema mume wangu alihesabu siku za trekta tu. Siku za muwa alisahau kwamba zinaanza panga linapopita. Patroba akacheka sana. Akamwambia Loice sikia, sikia Mama anavyonirudisha nyumbani, akaniongezea supu. Akaanza kusimulia habari za babake na kiwanda kile kile. Nikaona kweli masikio yamekwenda.

Basi nikaweka kijiko chini nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mwanamume mbele ya mkewe.

"Patroba, hesabu yako ina kosa. Hewa ya siku ya tatu haitoshi. Mtoto alikuambia, hukumsikia."

Loice akainuka, akakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Nilitegemea Patroba aulize kosa gani. Hakuuliza.

"Alikuambia lini?"

Nikamwambia jana.

"Mama, ile kazi haitoki nje ya mlango. Yeye alitia sahihi juu ya hilo, na alitia mbele yangu."

Nikasema sikujua, kwa hiyo anisamehe mimi. Akasema si yeye wa kusamehe. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Akanirudisha Sharpstown mwenyewe, barabara kuu ndefu ile, hakuwasha redio. Mlangoni akanishikia mkoba mpaka nikapata ufunguo. Akasema asante kwa kuja. Sikujua asante ile ni ya nini.

Everline nilimwambia yote nikiwa bado na viatu. Aliketi chini sakafuni, mgongo kwenye friji.

"Kukhu, umenimaliza," akasema. "Mimi nilishaamua. Ningesema Alhamisi, mbele yao wote. Nilikuwa najizoeza."

Alinionyesha karatasi. Sikuweza kusoma Kiingereza chake chote, lakini niliona mistari mitatu tu, imekatwakatwa na kuandikwa upya mara nyingi. Mtoto alikuwa anajifunza kusema moja kwa moja, peke yake, na mimi nikamtangulia. Usiku huo hakuniaga akienda kulala. Tangu amezaliwa hajawahi kufanya hivyo.

Lydiah akapiga simu kutoka Dallas. Aliposikia akasema, "Mama, yaani hata mwezini umekwenda kupeleka posa?" Nilijua ananitania ili nisilie. Nikalia hivyo hivyo.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Patroba hakumwita Everline, hakumwandikia. Alimsalimia kwenye korido kama kawaida. Everline akawa haachi chakula sahanini, kwa sababu hakuwa anapakua kabisa.

Alhamisi alirudi saa sita mchana, hana ile kadi ya kuingilia kazini anayoning'iniza shingoni. Nilipoona shingo tupu nikakaa kabla hajaniambia nikae.

Akanieleza. Walipokusanyika, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, Patroba alisimama akasema jedwali lina kosa na kosa ni lake. Alikuwa amerudia hesabu siku tatu. Siku ya tatu hewa haitoshi, tena upungufu si masaa mawili tu, ni mawili na dakika arobaini. Akasema binti huyu aliliona wiki mbili nyuma, alinijia mara mbili kwa adabu, na mimi nilimpa kitabu. Everline akasema alitaka kumkumbatia.

Halafu mtu mmoja akauliza, kwa nini umerudia hesabu sasa, nani alikushtua. Na Patroba akajibu kweli. Akasema nilielezwa nyumbani kwangu, na bibi yake huyu binti.

"Angeweza kusema aliona mwenyewe," Everline akaniambia. "Sekunde moja tu, Kukhu. Nani angejua?"

Jedwali likarudishwa. Matangi hayatatengenezwa kwa namba ile. Na Everline akaambiwa akae nyumbani mpaka wamwite, wachunguze ni nini kingine kimetoka nje.

Jumamosi Patroba alikuja. Nilimwona kutoka dirishani akipanda ngazi, amevaa koti joto lote lile. Everline alikuwa chumbani. Nikamkaribisha, nikachemsha chai, kwa sababu mikono ilikuwa haijui kufanya kitu kingine. Akaniambia hakuja kuomba radhi kwa kusema kweli, ila amekuja kwa sababu kukaa mbali nami kungekuwa woga. Nikamwambia nimeshindwa kumkasirikia na nimeshindwa pia kutomkasirikia. Akatikisa kichwa, akanywa.

Everline akatoka. Hakuinama, hakumpa mkono.

"Mzee, ile njia ya kuhesabu umeitumia pia kwenye jedwali la safari ndefu. Umeliangalia?"

Moyo wangu ulitaka kumwambia Everline, msalimie kwanza. Niliushika.

Patroba aliinua kiganja. "Usiniambie hapa. Hata neno moja."

"Sina kadi. Nitawaambia wapi?"

"Andika. Jina lako juu, ipeleke kwa mkuu wa usalama, si kwangu. Hata mimi wameniondoa kwenye majedwali mpaka waniangalie."

Hilo sikuwa nalijua, wala Everline. Kikombe chake kilikuwa kimekwisha lakini aliendelea kukishika. Kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee kweli, si mzee wa kanisa tu.

Everline akaketi kwenye kompyuta pale pale mezani, akaandika kidogo, akasimama, akaandika tena. Patroba aligeuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta, asione. Everline akauliza kwa sauti, bila kutaja namba, "Nianze na kushukuru?"

"Usishukuru mtu," Patroba akasema, uso ukutani. "Anza na kosa."

Alipoondoka, Everline hakumsindikiza. Nilimsindikiza mimi, ngazi moja moja, kwa kuwa magoti yangu na yake yamezeeka. Kwenye maegesho akaniuliza kama mtoto anakula. Nikamwambia leo alikula mkate. Akasema basi.

Barua ilikwenda siku ile ile. Jumanne wakamwita: aje Jumatano, saa tatu asubuhi, aje na maelezo. Hawakusema maelezo ya nini, ya hesabu au ya mdomo wangu. Lydiah anasema ni dalili njema. Yule wa kampuni aliyepiga simu, Everline anasema, sauti yake haikuwa na upande wowote.

Nilimpigia pasi suruali ya bluu. Alikula akiwa ameketi, mayai mawili, akatoka. Sasa ni saa nane mchana na bado hajapiga simu, na mimi simpigii. Nimekaa karibu na simu, nimeifunika sahani yake.