Siku ya Kukaa Mlimani

Papa Zuberi alikuwa na kipande cha chaki ya ushonaji ambacho hakukigusisha kitambaa hata siku moja. Kilikaa katika mfuko wa shati lake, na kila alipopata mteja mwenye subira alikitoa akachora mlima juu ya meza ya kukatia: mstari unapanda, mstari unashuka, na kileleni anasugua mpaka ubao unakuwa mweupe kabisa.

"Hapa iko theluji," alikuwa akisema. "Niliiona na macho yangu mbili, kule Mutwanga, nikiwa na miaka kumi na tisa."

Aliiona mara moja tu. Baba yake alikuwa amemtuma kuuza vitambaa, na asubuhi moja mawingu ya Ruwenzori yalifunguka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha yakafungwa. Miaka arobaini na minne ilikuwa imepita. Huku Makiso, katikati ya mji wetu, mahali ambapo shati halikauki mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni, wateja walimsikiliza kwa heshima, wakalipa, wakaenda kucheka nje. Aliyemwamini ni binti yake Nadia peke yake.

Tangu utotoni Nadia aliota theluji. Katika ndoto yake haikuwa na sauti. Ilishuka juu ya mabati ya Makiso, juu ya vikapu vya sokoni, juu ya baiskeli za toleka zinazobeba abiria, na waendeshaji wote wakasimama wameweka mguu mmoja chini, wanatazama juu bila neno. Hakumwambia mtu ndoto hiyo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, alikuwa amemaliza chuo, alifundisha biolojia katika shule ya wasichana, na bado sauti yake ilipotea kila mtu mgeni alipomtazama usoni.

Mwaka huo daktari wa macho alimwita pembeni. Macho ya baba yake yalikuwa yakijifunga polepole kutoka pande zote, kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka. Labda mwaka mmoja, alisema, labda miwili. Tangu siku hiyo Nadia alitaka jambo moja: mzee aione theluji mara ya pili, kabla pazia halijafika katikati.

Upande wetu wa mlima njia zilikuwa hazijatulia kwa sababu ya watu wenye silaha, kwa hiyo wangepandia upande wa Uganda. Nadia aliandikia waongozaji watatu wa Kasese na kuchapisha majibu yao. Mlima ni ule ule, njia ile ile, siku saba. Wa kwanza alitaka dola mia saba kwa kila mtu. Wa pili, elfu moja na mia moja. Wa tatu, Mnande wa Beni, mtu wa upande wetu aliyehamia Kasese, jina lake Jérémie, alitaka elfu moja na mia tano. Nadia alizipanga karatasi tatu juu ya meza ya baba yake akazitazama muda mrefu. Picha zilikuwa zilezile. Alidhani ameruka mstari fulani, akasoma tena.

"Unatafuta nini ndani yake?" akauliza tonton Mohamadi, mdogo wa baba yake, mwenye duka la vitambaa upande wa pili wa barabara. Alikuwa amekuja kuleta suruali. Kaka yake ndiye aliyemshonea, kwa nusu ya bei kama kawaida yao, na mshono wa nyuma ulikuwa umeachia tena, safari hii msikitini, wakati wa kurukuu.

"Natafuta tofauti, tonton. Mlima iko mumoja. Mbona beyi tatu?"

"Ah, Nadia! Umesoma miaka yote ile, donc hawakukufundisha? Beyi ya kwanza iko salamu tu. Mutu anakusalimia, na wewe unaitikia. Huyu wa elfu moja na mia tano anafikiri sisi ni mindele, wazungu wa pesa. Leta telefone."

Katika ukoo wao, tangu mababu waliokuja na misafara ya biashara, hakuna aliyewahi kulipa bei ya kwanza. Kulipa bei ya kwanza kulikuwa kama kutoka nje bila viatu. Basi tonton alisimama nyuma ya kiti, amejifunga kitambaa kiunoni kwa sababu ya ile suruali, akamwamuru Nadia aandike. *Kaka, sisi ni watu wa nyumbani.* Jérémie akashuka kidogo. *Kaka, mzee anaumwa macho.* Akashuka tena. *Bon, tutakwenda kwa yule wa mia saba.* Simu ikanyamaza muda wa kutosha kuchemsha chai. Kisha jibu likaja: mia tisa kila mtu.

Mia tisa mara mbili. Ukitoa nauli, ndiyo pesa yote waliyokuwa nayo, ya mzee na ya Nadia, haikubaki hata ya chumvi. Ilikuwa kama mlima wenyewe umepima mifuko yao. Tonton alipiga makofi. Siku hiyo walikula lituma, ndizi za kutwanga, na samaki, na Papa Zuberi alichora mlima mara tatu. Nadia, ambaye hakuwahi kumshinda mtu katika lolote, alilala akitabasamu.

Siku mbili kabla ya kutuma malipo, baba yake alimpa mzigo aupeleke Wagenia, kando ya mto: mashati manane ya bluu, ya wapiga makasia wa Papa Émile. Papa Émile alikuwa mvuvi wa maporomoko, na mitego yake ilining'inia katikati ya mto, kwenye magogo yaliyosimikwa mahali maji yanaponguruma. Siku za wageni aliwavusha pia.

Pale ufukoni pirogi mbili zilikuwa zikingoja abiria. Katika moja walikaa vijana wawili wakiita, "Elfu mbili! Elfu mbili, mama, twende!" Katika nyingine, ya Papa Émile, walikaa wanaume wanane, na bei ilikuwa franka elfu sita. Nadia aliutazama mto. Ulikuwa mmoja, unapita chini ya pirogi zote mbili bila kuzibagua.

"Papa Émile," alisema, sauti yake ikizidiwa na maji, "mbona wewe uko mara tatu?"

Mzee alikuwa akijaribu shati lake jipya, anakunja na kukunjua mkono. "Kwani mimi nauza mayi? Mayi iko ya Mungu, bure. Nauza mikono." Akaelekeza kidevu kwa vijana wawili. "Pale uko na mikono mine. Mayi ikilala, inatosha, utafika vizuri, utanicheka. Siku ikiamuka…" Wanaume wake walicheka, kicheko cha watu wanaojua.

"Na mutu akikuomba upunguze?"

"Napunguza. Nitafanya je, niko na watoto. Nashusha wawili wa nyuma, baadaye wawili tena. Abiria hawezi kujua, yeye anatazama mbele, anapiga picha." Akafunga kifungo cha mwisho. "Shati iko muzuri. Ambia papa yako Mungu amubariki."

Nadia alibaki amesimama. Akilini aliona ngazi ya ukungu, baba yake anapanda, na nyuma yake watu wanashuka mmoja mmoja bila sauti, kama theluji ya ndoto yake, mpaka mzee akabaki peke yake anatazama mbele.

Alikaa juu ya jiwe akapiga simu, yeye ambaye hata kwa fundi wa viatu hutuma mtu.

"Kaka Jérémie, ile mia sita tuliyokushusha. Ulishusha nani?"

Upande wa pili mwanaume akacheka, lakini si kicheko cha dharau. "Dada, miaka kumi naongoza watu, hakuna ameniuliza vile. Pesa ya mlango wa mbuga siwezi kugusa, ile tunalipa wote sawa, mimi na yule wa mia saba. Donc natoa kwa watu. Nilitoa muongozaji wa pili. Nilitoa wabebaji watatu, wenye kubaki watabeba na ya wenzao. Na nilitoa siku ya kukaa."

"Siku ya kukaa ni nini?"

"Siku moja katikati, hamutembei. Munakaa tu, mwili unazoea ile hewa nyepesi. Watu wengi wanaona iko kupoteza. Papa yako iko na miaka ngapi?"

"Sitini na tatu."

"Eh," alisema Jérémie. "Na akiumwa, muongozaji mumoja atashuka naye ao atabaki na wewe?"

Ndipo Nadia alipojifunza kuuliza, na swali moja lilizaa jingine. Pesa yao, bila kupunguziwa senti, haikutosha siku saba na kilele. Ilitosha siku nne, mpaka kwenye ukingo ambapo mawingu yakipenda theluji inaonekana, na watu wote wakiwa kamili: waongozaji wawili, wabebaji wenye mizigo ya kiasi, na ile siku ya kukaa. Kuigusa theluji, hapana.

"Na mawingu yasipopenda?"

"Hapo siwezi kukuuzia kitu, dada."

Alirudi nyumbani nyuma ya toleka, moyo mzito. Angemwambiaje mzee kwamba amemnyang'anya kilele? Alimkuta mezani na tonton Mohamadi, akasema yote kwa pumzi moja akitazama sakafu.

"Umeharibu!" alipiga kelele tonton. "Mutu alisha kubali mia tisa! Unamurudishia beyi yake mwenyewe, na mlima anakukatia nusu? Na siku ya kukaa! Kukaa si tunakaa hapa bure?"

Papa Zuberi alichukua ile suruali iliyoachia mshono, akaipindua ndani nje, akaisogeza mpaka karibu na pua yake, mahali macho yake yalipobaki kuona.

"Mohamadi," alisema taratibu, "miaka ishirini unanilipa nusu. Ulifikiri nusu ingine ilikuwa inatoka wapi?"

Tonton alitazama. Ndani ya mshono, kitambaa cha akiba kinachoshika uzi kilikuwa chembamba kama ukucha.

"Kaka! Wewe? Mimi ndugu yako?"

"Ungeniuliza, ningekuambia. Haukuuliza hata siku moja. Ulikuwa unafurahi tu." Kisha akamgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu habari ya daktari alionekana mwepesi. "Siku nne, mama. Na watu wote. Muandikie."

Siku mbili walipanda ndani ya ukungu. Miti ilivaa ndevu za kuvumwani, matope yalimeza buti mpaka goti, na kila kitu kilikuwa na rangi ya maji ya mchele. Usiku wa pili mzee alitapika, kichwa kikamuuma. Muongozaji wa pili alikaa kando yake akimnywesha maji kidogo kidogo, na asubuhi, watu wa kundi la mia saba walipopita wakikimbiza ratiba yao, wao walibaki. Ilikuwa siku ya kukaa. Walikuwa wameinunua.

Walikaa ukingoni kwenye mawe, blanketi moja mabegani. Wabebaji walicheza karata na kudanganyana. Ukungu haukusema ndiyo wala hapana. Nadia alisinzia, akaota waendeshaji wa toleka wamesimama, mguu mmoja chini, na alipofungua macho hakujua kama amefungua kweli. Karata zilikuwa zimenyamaza. Watu wote walikuwa wanatazama juu.

Theluji ilikuwa juu zaidi ya pale alipodhani mlima unaweza kufika. Ilisimama peke yake angani, bila sauti.

"Papa," alinong'ona. "Unaona?"

Mzee alikuwa amekwisha simama. Aligeuza kichwa polepole, akiitafuta kwa tundu dogo alilobakiziwa, kushoto, kulia, juu kidogo, kisha kichwa kikatulia. Akatoa chaki mfukoni, akaiinua kwa mkono ulionyooka, mpaka ikawa kando ya kilele, akavilinganisha muda mrefu, kama mtu anayechagua uzi.

"Chaki ilikuwa inadanganya," alisema. "Ile iko nyeupe kuliko hii."

Na hakuirudisha mfukoni. Aliiweka juu ya jiwe, akakaa, akaendelea kutazama, mpaka mawingu yalipojifunga.