Pave za Stanislas

Stanislas alifyatua pave zake, matofali ya simenti ya kutandika chini, kwa miaka sita, Jumamosi baada ya Jumamosi, nyuma ya jiko, na akafa kabla hajatandika hata moja.

Alikuwa mtu wa kiwanda cha simenti cha Kakontwe, mjini Likasi, na mikono yake haikujua kupumzika. Kalibu yake ilikuwa moja tu, ya bati nene, nayo ilibonyea pembeni siku ilipoanguka kutoka kwenye baiskeli. Mtu mwingine angeinyoosha kwa nyundo. Yeye aliiacha. Kila pave ikatoka na pembe moja iliyokatika, na siku moja akamwita mkewe, Mbombo, akapanga nne chini, pembe mbovu zikutane katikati. Pakabaki kitundu. Akatia humo kokoto jeupe la chokaa, akasema barza yao, pale mbele ya nyumba, itakuwa na macho. Mbombo alicheka mpaka akakaa chini. Zaidi yao wawili, walioshuhudia walikuwa Barnabé, mdogo wake Stanislas, mwashi, ambaye ndiye aliyekuwa akimchotea maji. Na Delphine, rafiki wa Mbombo, aliyekuja siku hiyo kusukwa nywele.

Mwaka wa tatu baada ya kifo, jamaa kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, walitangaza kwamba watakuja kwa misa ya kumkumbuka. Mbombo akaamua barza itandikwe. Alitaka jambo moja tu: siku ile watu wakae juu ya kazi ya mikono ya mumewe. Akamwita Barnabé.

Barnabé alikuja na picha kwenye simu. Zege linamwagwa bichi, kisha linagandamizwa kwa mikeka ya mpira mpaka linatoka na sura ya mawe. Béton imprimé, alisema, ndiyo mtindo wa nyumba za mabosi wa migodi. Mbombo akamwambia mawe anayo, sura ya mawe ya nini? Barnabé hakubisha. Alizunguka nyuma ya jiko, akakaa huko kwa muda, akarudi na pave moja, akaiachia ianguke kutoka usawa wa goti. Ikapasuka vipande viwili.

“Muramu, simenti ilikuwa kidogo,” alimwambia shemeji yake, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. “Tena pave inatokaka. Muntu yeyote anaikamata, anaitoa. Béton, ile njo ya kubakia.”

Kesho yake Mbombo alikwenda kumtolea Delphine ya moyoni, kama alivyozoea. Delphine ndiye aliyelala naye mkekani siku zote za matanga. Si mtu wa kumficha kitu. Alimsikiliza, akamshika mkono, akasema pave huota majani katikati, huleta siafu, na wazee wa Kasai watajikwaa. Achukue béton. Akaongeza kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila si kila mtu mwema ni fundi. Neno hilo ndilo lililomaliza kazi. Mbombo alirudi nyumbani, akalitazama lile rundo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akaona aibu kwa ajili ya mumewe.

Basi akakubali. Tena akamwomba Barnabé aliondoe rundo lote, macho yake yasilione tena. Barnabé akaahidi kulitupa kwenye korongo lililokuwa likila barabara ya Buluo. Lori lilipojaa, Mbombo alimpikia bukari, ugali wa kwao, na kuku, akamshukuru kwa mikono miwili. Hebu fikiria: akamshukuru.

Zege likamwagwa, likapigwa mikeka, likapendeza, hilo lisemwe. Wageni walilisifu. Baada ya misa wakaenda makaburini, ambako Stanislas alikuwa bado na udongo mtupu na msalaba wa mbao, wakarudi, wakakaa, wakalisifu tena. Mbombo aliitikia ndiyo, ndiyo, na tangu hapo kila alipofagia alihisi anafagia barza ya watu wengine.

Miezi miwili ikapita. Delphine akakosa misa Jumapili mbili kwa malaria. Akina mama wa parokia wana desturi yao: mgonjwa haombwi ruhusa, anatembelewa. Zamu ya sala nyumbani kwa Delphine ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara rangi haijakauka, mara mafundi hawajamaliza, kwa hiyo hakuna aliyekiona kiwanja chake tangu Pasaka, hata Mbombo, maana siku hizo Delphine ndiye aliyekuwa akija kwake. Wakaenda sita, wamebeba machungwa.

Delphine alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amejifunga kitenge. Alipomwona Mbombo nyuma ya wenzake aliinuka haraka, haraka kupita mgonjwa, akasema waingie ndani, jua ni kali. Jua halikuwa kali. Mbombo aliinama kuvua viatu, na hapo chini, mbele ya vidole vyake, kokoto jeupe likawa linamtazama.

Kisha akaona la pili. Kisha barza nzima.

Hakuna mwashi mwingine Likasi yote ambaye angepewa pave zenye pembe mbovu akajua kuzikutanisha nne nne, kisha akaenda kutafuta chokaa ya kujazia. Barnabé alikuwa amemwibia kaka yake hadi wazo lake. Na pave zilikuwa nzima, ngumu, hazina ufa. Mama mnene kuliko wote parokiani alikuwa amesimama juu yake wakati huo, nazo hazikutikisika. Ile iliyopasuka, Barnabé aliichagua, au aliitayarisha. Na siafu na majani ya Delphine yalikuwa wapi? Walikuwa wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wote wawili.

“Delphine, weye ulijua?”

Delphine aliyatazama machungwa. “Barnabé alisema anaenda kuzitupa. Miye nikasema, bora zikuje huku.”

“Alikuambia mbele ya weye kuniambia nichague béton, ao nyuma?”

Delphine akaanza kuyapanga machungwa kwenye meza kando ya kiti chake, na jibu likawa hilo. Mbombo aliumia mahali ambapo kifo chenyewe hakikufika, maana siku ya kifo Delphine alikuwa pembeni yake. Pave angewapa, wangeomba tu. Lakini walimfanya aamini kwamba Stanislas alikuwa fundi wa ovyo, na kwa miezi miwili alikuwa akimwombea kanisani kama anayemtakia msamaha.

Alikwenda ukutani, kwenye pave ya mwisho ya mstari, akachokonoa mchanga kwa mpini wa kijiko alichokikuta mezani. Pave ikatoka. Hapo Barnabé alikuwa amesema kweli.

“Yaya, utaiweka wapi?” Delphine aliuliza polepole, akimwita dada kama siku zote. “Kwako iko béton tu.”

Nalo lilikuwa kweli. Barza yake alikuwa ameifunga yote, hakikubaki hata kiganja cha udongo. Mbombo aliipangusa pave kwa pindo la kitenge chake, akaipakata.

“Kwa Stanislas,” alisema. “Kule iko bado udongo.”

Akaiweka karibu na viatu vyake, akapiga magoti, akang’oa ya pili.