Njaa ya Uvimbe

Katika kisa hiki mjinga alikuwa Mativo, na usimtafutie mwenzake wa kumsaidia kuubeba ujinga huo. Hata yeye alikiri, ingawa alikiri huku akiendelea kubishana.

Mativo alikuwa mchongaji wa vinyago mtaani Majengo. Maisha yake yote alipigana na bungua, wale wadudu watoboao mti, na silaha yake ilikuwa moja. Gogo la mpingo lina mti mweupe wa nje, laini, mtamu. Huo ndio bungua anaoupenda. Uchonge wote, abakie na mweusi mtupu, afe njaa. Twiga wa Mativo walikwenda Ulaya bila tundu hata moja.

Basi mkewe Wanza alipopatikana na saratani ya titi, mwaka ule wa mvua za Elnino, Mativo akamsikia jirani yao Bi Muhiba akisema barazani, "Mimi tangu niugue titi langu, nyama sikuitamani tena." Na Bi Muhiba alikuwa amepona, amenawiri, akicheka mabati yanaitikia. Kichwa cha fundi kikafanya kazi. Kumbe! Uvimbe nao ni bungua. Wa Bi Muhiba ulinyimwa utamu wake ukafa. Tangu hapo nyumbani kwake maharagwe yakapigwa marufuku, na mayai, na maziwa, na nyama, hata dagaa wa omena. Wanza akabaki na uji mweupe na sukuma wiki.

"Baba Ndolo, mimi ni mgonjwa au mfungwa?"

"Vumilia, Mama Ndolo. Tunaunyima chakula."

Mvua ikanyesha kama isiyo na kwao. Wanza akawa mwepesi, mwepesi, hata akipita mlangoni pazia halina habari. Mchana alilala akisikia mti ukitafunwa mahali fulani, mbali, asijue kama ni magogo ya mumewe yaliyoegeshwa ukutani au ni yeye.

Siku ya kutundikiwa dripu ya dawa hospitalini, Daktari Kageha alimpima uzito, akatazama majibu ya damu, akaweka kalamu chini.

"Leo hapati. Dawa hii kwa mwili huu, tutamuua sisi kabla ya saratani. Mama, unakula nini?"

Wanza akamgeukia mumewe. Mativo, kifua mbele, akaeleza habari ya mpingo yote, mpaka twiga, mpaka Bi Muhiba na vidonge vyake.

Daktari hakucheka. "Mzee, nyama na maharagwe vikifika tumboni huvunjwa vikawa vijenzi vidogo, vinaitwa asidi amino. Mwili hujengwa navyo, na uvimbe huvigombania. Hapo umegusa. Lakini saratani za titi si moja. Ya jirani yako, kwa unavyonieleza vidonge alivyomeza, ilikuwa inalelewa na homoni. Vidonge vikaiziba, ikanyauka. Nyama haikuhusika. Ya mkeo haisikii homoni kabisa. Hata ulaji, watu wa maabara wanashuku kila aina ina tumbo lake: nyingine hujipikia vijenzi vyake, nyingine hungoja kuletewa na damu. Ya mkeo ni ipi, sijui, nisikudanganye. Ninalojua, usipoweka chakula mezani mwili utabomoa misuli yake, na uvimbe utakula hiyo."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiulisha..."

"Nyama ya mkeo. Akipata nguvu tutaendelea. Akizidi kupungua, mzee, sina njia."

Wakakaa kwenye benchi la nje kungoja mvua ipungue. Wanza akamlalia begani, mzigo usiozidi kanga iliyokunjwa, na Mativo akapitiwa na usingizi.

Akajiona mdogo kama siafu, anatembea ndani ya gogo lenye joto, kuta nyekundu, mwanga wa rangi ya maziwa. Nyuma ya mlango wa kwanza bungua amejifunga aproni, anakoroga sufuria yake. "Karibu fundi," akasema, "sisi hapa tunajitegemea." Nyuma ya mlango wa pili bungua mwingine alikuwa amelala chali, kinywa wazi chini ya mfereji unaodondosha matone. Mativo akauziba mfereji kwa kidole, akangoja mdudu afe. Hakufa. Aligeuka taratibu, kama mtu anayegeukia upande wa baridi wa mto wa kulalia, akaanza kuramba ukuta. Ukuta ukanong'ona, "Baba Ndolo."

Akashtuka, akamshika Wanza bega.

Walipofika nyumbani habari ilikuwa imeshawatangulia, maana Majengo haina siri. Bi Muhiba aliwapokea mlangoni na sufuria ya maharagwe ya nazi, samaki juu.

"Shemeji, nyama niliichukia kwa kuwa harufu yake ilinichefua! Si ungeniuliza? Maharagwe nilikuwa nafagia sufuria!"

Wanza akapakua, sahani ikafurika. Mativo akaitazama ikipungua kijiko kwa kijiko, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Polepole, Mama Ndolo. Daktari mwenyewe amesema hajui uvimbe huu ni wa aina gani. Je, kama nao unakula humo humo?"

Wanza akameza kwanza.

"Uache ule. Wewe umekula kwangu miaka yote hii, na sijawahi kuzima jiko ili uhame."