Ukungu Juu ya Turubai

Jumatatu Thelma alinipigia simu kutoka hospitali ya macho. Jicho la kushoto la mumewe, Wilf, nalo lilikuwa limeanza kuvuja damu kwa ndani, na sindano hazisaidii tena. La kulia lilikufa mwaka jana.

"Daktari kasema muda gani?" niliuliza.

"Wiki mbili. Labda siku kumi. Hedley, anaulizia vile vifaru vyako. Haulizi kingine."

"Mwambie Jumamosi."

"Si ulisema Aprili?"

"Nimesema Jumamosi, Thelma."

Mimi na Wilf Tansley tumecheza vita vya mezani, kwa vifaru na askari wadogo wa plastiki, kwa miaka thelathini na sita, katika ukumbi wa kanisa hapa Hucknall, Uingereza. Baba yake aliendesha kifaru katika jangwa la Misri mwaka 1942. Kabla ya shambulio la Oktoba, jeshi letu lilivivisha vifaru fremu za turubai ili marubani wa Kijerumani wakitazama chini waone malori. Picha ya kifaru cha mzee huyo haipo. Yapo maelezo tu aliyompa mwanawe: turubai la rangi ya mchanga iliyopauka, na kiraka cha blanketi upande wa kushoto. Wilf alitaka kukiona kifaru hicho kikiwa na kikosi chake, angalau mara moja. Niliahidi kumtengenezea vifaru kumi na viwili, vinne kati yake vikiwa na turubai.

Kila kimoja kina urefu wa sentimita nane. Mzinga unaokuja ndani ya boksi la vipande vya kuunganisha ni ule wa awali, mdogo; niliukata na kupachika mrija wa shaba wenye urefu sahihi. Fremu nilizikunja kwa waya. Turubai ni karatasi ya shashi iliyolowekwa kwenye gundi iliyozimuliwa kwa maji, ikaachwa ikauke juu ya waya. Ijumaa jioni nilimaliza kupaka rangi. Ilibaki vanishi.

Vanishi haikwepeki. Rangi tupu hutoka kwa jasho la vidole, na Wilf sasa haoni kitu asipokishika na kukisogeza hadi puani.

Jumamosi saa moja asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Kipimo cha unyevu katika kibanda changu cha bustani kilisoma asilimia tisini na moja. Kopo la vanishi limeandikwa wazi kwamba lisipulizwe kwenye hewa yenye unyevu, na mimi mwenyewe nimewahi kumkaripia mwanachama wa klabu yetu mbele ya watu kwa kosa hilo. Niliwasha hita kwa nusu saa. Kipimo kikashuka hadi themanini. Nikajiambia inatosha. Nilipuliza vyote kumi na viwili kwa mkupuo, bila kujaribu kwanza kwenye kipande kibovu.

Baada ya dakika ishirini vyote vilikuwa vyeupe kwa ukungu wa vanishi iliyonasa unyevu, kana kwamba vimemwagiwa unga.

Dawa ya ukungu huo inajulikana: mafuta ya zeituni, kwa brashi laini. Nilianza na vile vinane visivyo na turubai. Ukungu ulitoweka kwenye plastiki na rangi ikarudi. Saa tatu kasorobo nilifika kwenye turubai la kwanza. Karatasi iliyanywa mafuta, ikageuka kama karatasi ya kufungia chipsi. Kwenye la pili nilijaribu rangi mpya. Vanishi ilikuwa bado mbichi na brashi ikaichana karatasi hadi kwenye waya. Vilibaki viwili, kimojawapo kikiwa cha baba yake Wilf. Sikuvigusa tena. Nilikaa juu ya ndoo nikimwomba Mungu nisiyemwamini asimamishe saa.

Saa nne nilikuwa nimeshavipanga mezani ukumbini, Wilf alipoingia ameshikwa mkono na Thelma.

"Nani kachemsha chai hii? Inanuka soksi."

"Keti, mzee, acha kelele," nilimwambia.

"Siketi. Umeshindwa, eh? Naisikia kwenye sauti yako. Umebandika magurudumu ya kifaru cha mwaka mwingine."

"Magurudumu ni sahihi."

"Tutaona. Lete."

Huyu ndiye mtu aliyewahi kumwambia mgeni, kutoka upande wa pili wa meza, kwamba taa ya lori lake imekaa milimita moja juu mno. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea. Nilitaka anitukane. Nilimpa kile cha baba yake, kikiwa bado cheupe.

Aligeuza kichwa pembeni, akakisogeza hadi mwisho wa jicho, karibu na sikio. Kisha akapitisha ukucha upande wa kushoto, polepole, mpaka ukakwama.

"Kiraka kipo," alisema.

"Kipo."

"Na rangi, Hedley. Ule mchanga uliopauka. Sawasawa na alivyosema mzee. Uliipataje, shetani wewe?"

Thelma alikitazama kifaru, kisha akanitazama mimi. Macho yake ni mazima.

"Nilichanganya mara tatu," nilisema. Hilo lilikuwa kweli.

"Umesikia, Thelma? Mara tatu! Na mimi miaka yote namwita mvivu."

"Nimesikia, mpenzi."

Alinyoosha mkono akakipeleka mezani, akapapasa ukingo, akakiweka. Kilitazama nyuma, mzinga ukielekea vifaru vyetu wenyewe.

"Haya, nani anaanza?" aliuliza.

Nilingoja Thelma amfikishe kwenye kiti, ndipo nikakigeuza.